Siku Nane na Kereng'ende wa Mabawa ya Asali

Wateja wangu wa Majengo bado wananiuliza nilikuwa wapi wiki nzima ile ya Oktoba, kucha zao zikabanduka bila fundi. Nikiwajibu kwamba nilikwenda kuwapaka rangi wadudu, wanacheka mpaka chai inawapalia. Basi nimeona niandike yote, toka kutoka kwangu hadi kurudi kwangu, anayetaka kucheka acheke akiwa ameshajua. Mimi ni Festo, yule wa kikapu cha rangi za kucha. Shule niliishia kidato cha nne, na matokeo yake tusiyaseme hapa. Ila mkono wangu hautetemeki, na ni huo mkono ulionisafirisha.

Safari ilinifuata yenyewe nikiwa kazini. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya duka la vitenge nampaka mama mwenye duka, dada mmoja akasimama juu yangu. Amevaa buti zenye tope na kofia pana. Nikadhani anataka kupakwa, nikamsogezea kigoda. Badala ya kunipa mkono akanipa ganda la kitunguu, lile la ndani, jembamba kama pumzi.

"Kaka, unaweza kuniwekea kidoti hapa? Kidogo kama punje ya ulezi, na kisitambae."

"Cha rangi gani?"

"Yoyote. Kisitambae tu."

Nikaweka kwanza rangi ya chini, ile isiyo na rangi, kidogo sana. Nikasubiri ikauke. Kisha nikachovya ncha ya njiti ya meno kwenye nyekundu nikagusa. Nikaweka cha pili, cha tatu, hadi vikafika kumi. Akainua ganda juani akalitazama kwa muda mrefu, nikaona macho yake yanalengwa na machozi. Nikamwambia dada, pole, kama nimekosea nafuta. Akasema, "Hapana. Nimetafuta mkono huu miaka miwili."

Jina lake Anitha, mwanafunzi wa chuo kikuu. Alikuwa akifuatilia kereng'ende, tena si wale wanene tunaowajua wote, wanaopumzika na mabawa yametandazwa kama ndege ya abiria. Wake ni wale wembamba kama sindano, wanaofunga mabawa mgongoni kama mtu aliyekutanisha viganja akisali. Alitaka kujua kwa nini madume wengine wana pambo kubwa kwenye mabawa na wengine dogo, na kila mmoja anampataje mwenza. Ili ajue, lazima kila dume awe na alama yake. Mwaka wa kwanza rangi aliyotumia ilitambaa kwenye mabawa, wadudu wakafa. Mwaka wa pili vidole vyake vilitetemeka kwa baridi, alama zikafanana, daftari likawa halina maana. Hii ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho. Akirudi tena bila daftari la kuaminika, chuo hakimsubiri. Na siku zenyewe zilikuwa nane tu, kwa sababu Jumamosi ya pili wanakijiji wangegeuza maji ya kile kijito yaende kwenye bustani zao.

Nikafunga kikapu changu siku hiyohiyo.

Ijumaa asubuhi, saa moja, rafiki yangu Zabroni alitubeba kwa zamu kwenye bodaboda yake hadi mwisho wa Malangali, pale nyumba zinapoanza kuachiana nafasi na mashamba kuingia katikati.

"Mshikaji, kweli unaenda kupaka kucha wadudu?"

"Mabawa. Wadudu hawana kucha."

"Ukirudi utanipakia kuku wangu." Akacheka mwenyewe, akapiga honi mara tatu kama kwenye harusi, akageuza.

Kutoka hapo tulipanda gari la mizigo lililokuwa likifuata mahindi. Tulikaa juu ya magunia matupu, upepo ule wa Ufipa mnaoujua unatupiga masikioni. Mimi nimezaliwa mjini hapa, lakini siku hiyo ndiyo nilikiona kweli kilima tunachokalia. Nchi imelala wazi kama mkeka, majani ya manjano mpaka macho yanachoka, mashamba yameshavunwa, moshi wa watu wanaochoma mabua umesimama mbali kama nguzo. Kisha mbele yake milima ya Mbizi, kijani imejificha kwenye mikunjo yake tu, huko maji yanakotokea. Nikamwambia Anitha, dada, mbona hakuna aliyetuambia kwamba tunaishi juu hivi, karibu na mawingu? Akasema, "Nani akuambie? Wewe ndiye mwenyeji."

Saa nane mchana tulifika kwa Mama Skola, mjane mwenye shamba la ulezi na mizinga ya nyuki kando ya kijito. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniachia mkono, akaugeuza huku na huku kama anayechagua kiazi sokoni.

"Huyu ndiye fundi? Mbona ana vidole vya mtoto wa shule?"

"Ndiyo vinavyofaa, Mama," Anitha akasema.

"Na mimi atanipaka?"

Nikamwambia nitampaka siku ya kuondoka, rangi atakayo. Akacheka akatazama kucha zake, zimekatika kwa jembe na udongo umeingia mpaka ndani. Tulikula ugali wa ulezi na dagaa wa Kirando waliokaangwa na nyanya. Nilipomuuliza wale kereng'ende wembamba wanaitwaje Kifipa, akanitajia jina. Mimi Kifipa changu ni cha kusalimia bibi tu. Nililitamka mara mbili, nyumba nzima ikainama kwa kicheko, kwa hiyo hapa siliandiki.

Jumamosi tuliteremka kijitoni kabla jua halijafika. Kumbe hiyo ndiyo siri ya kazi. Kabla jua halijawapasha, kereng'ende hawawezi kuruka. Wamening'inia kwenye majani na umande juu yao, unawachuma kama matunda. Anitha alinionyesha namna ya kumshika: mabawa yote manne yamefungwa katikati ya vidole viwili, taratibu, usibane kifua. Nilipomshika wa kwanza nilimsogeza karibu na macho.

Jamani, sijui niwaeleze vipi. Mwili wake ni mweusi wenye mistari ya buluu, mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Mabawa ni kama hayapo. Unaona kwanza ule wavu wa mishipa, vyumba vidogo vidogo mamia, kila chumba na kioo chake. Halafu kwenye ncha, kama mtu amechovya kwenye mzinga, kuna rangi ya asali. Si ya kupakwa, imo ndani ya bawa lenyewe. Mimi nimeuza urembo toka nimalize shule, nimechanganya rangi za kila namna, lakini nilipoiona asali ile iking'aa upande mmoja na kuzimika upande mwingine, nilijiona kama mtu aliyekuwa akipiga debe maisha yake yote halafu akasikia ngoma.

"Kidoti weka huku kwenye shina, karibu na mwili," Anitha akaninong'oneza. "Asali usiiguse hata kidogo. Asali ndiyo tunayoiuliza swali."

Nyekundu kushoto, nyeupe kulia, buluu juu, kila mmoja na mpangilio wake. Yeye aliandika namba, mimi nikawapa majina. Mwenye asali kubwa iliyokolea kuliko wote nikamwita Chifu. Aliyemkaribia nikaja kumwita Mwalimu, kwa sababu jua likishatoka alikuwa haachi kuwafukuza wenzake. Na mmoja mdogo, asali yake imepauka kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu, nikamwita Mnyonge. Nyekundu mbili kushoto. Huyo alinishika moyo tangu mwanzo.

Saa tatu jua likamwagika kijitoni, wakaamka wote kwa pamoja. Katikati ya maji kulikuwa na gogo lililooza, limelowa na kuota majani laini. Anitha akaniambia ule ndio uwanja, maana majike hutaga mayai yao ndani ya gogo hilo. Mwenye gogo ndiye mwenye bahati. Chifu akatua juu yake. Mwalimu akaja. Nikasubiri ngumi.

Hakuna ngumi. Walipanda hewani wakatazamana, uso kwa uso, umbali wa kiganja, kila mmoja akipeperusha mabawa ili asali yake ionekane. Wakazunguka hivyo, wakapanda, wakashuka, kimya kabisa. Dakika nzima, mbili. Kisha Mwalimu akageuka akaondoka.

"Imeisha?" nikauliza.

"Imeisha. Ameona mwenzake ana nguvu zaidi. Rangi ile inagharimu mwili, aliyekula vizuri utotoni ndiye anayeiweza. Mara nyingi wanaiamini, wanaokoa mabawa yao."

Nikafikiria vijana wa stendi, wanavyokunjana mashati hata sababu hawaikumbuki.

Jumapili tulikwenda kanisani kwanza na Mama Skola, tukawahi kurudi kabla jua halijakolea. Siku hiyo niliona jike kwa mara ya kwanza, mwenye mabawa meupe pee bila asali. Alikuja chini chini juu ya maji. Chifu akamwendea, akasimama hewani mbele yake akipeperusha asali, akajibwaga kwenye maji karibu na gogo, akaelea kidogo, akapaa tena, kana kwamba anasema, ona, maji yenyewe ni haya. Jike akatua. Chifu akamshika shingoni kwa ncha ya mkia, jike naye akakunja mwili wake kumfikia, na wote wawili wakawa umbo la moyo. Moyo kabisa, ule tunaouchora kwenye kadi! Nilitaka kupiga makofi.

"Usifurahi sana," Anitha akasema, akiandika bila kuinua uso. "Sasa hivi hana mapenzi, ana usafi. Anaondoa kwanza mbegu za dume aliyemtangulia. Ana kama kijiko maalumu. Akimaliza ndipo anaweka zake."

"Dada, unasema kweli?"

"Kwa nini unadhani atamlinda mpaka amalize kutaga? Anajua yeye alichomfanyia mwenzake."

Mama Skola, aliyekuja kuangalia mizinga yake, alisikia yote. Akasema, "Kwa hiyo na wao wana mambo," akaenda zake.

Jumatatu na Jumanne zilikwenda vizuri. Alama zangu hazikutambaa, hazikufutika. Daftari lilijaa. Anitha alianza kuimba asubuhi. Kilichoniumiza ni Mnyonge. Akijaribu kukaa karibu na gogo, Chifu akimgeukia tu anaondoka bila hata kuonyesha mabawa. Kutwa yuko kwenye nyasi za kivulini, amekunja mabawa yake yaliyopauka, ametulia. Sikumwona na jike hata mara moja. Nilimuuliza Anitha kama hawa wadogo hufa bila kuoa.

"Huyo ndiye ninayemtaka kuliko wote," akasema. "Waliopauka wengine wote wamenipotea. Yeye yupo toka siku ya kwanza. Nataka kujua anafanya nini. Usimwache machoni, Festo."

Mngekuwa nyie mngesikia maneno hayo kama agizo. Mimi niliyasikia kama huruma.

Nami niseme ukweli wangu hapa. Mimi si mrefu, bodaboda sina, na kwenye sherehe huwa nakaa karibu na ukuta. Nilipomtazama Mnyonge kwenye zile nyasi nilikuwa najitazama mwenyewe.

Jumatano, saa nne hivi, Anitha alishuka kuhesabu kwenye bwawa la chini. Kwa Mnyonge kidoti kimoja kilianza kubanduka, akaniachia kazi ya kukirudishia. Nilimdaka kwa wavu, nikamrudishia kidoti. Kazi ikaisha. Lakini kikapuni, kati ya chupa zangu, kulikuwa na ile kahawia ya dhahabu ambayo akina mama huipenda sana kipindi cha Krismasi. Niliifungua. Nikaiweka kando ya bawa lake. Rangi ileile, jamani! Ileile ya Chifu.

Nikampaka. Ncha nne, tone kwa tone, haraka maana alikuwa anahangaika, hata rangi ya chini sikuweka. Nikampulizia akauke. Nikamwambia, nenda kaka, leo ni zamu yako.

Akaruka kwa upande upande, mabawa yamelemewa. Hata hajafika kwenye nyasi zake, Chifu akainuka. Safari hii hakugeuka tu. Alimjia mzima mzima, na Mnyonge hakujua ile ngoma ya kutazamana, hakuwahi kuicheza. Akapigwa. Akakimbilia kwa Mwalimu, Mwalimu naye akainuka. Kila alipotua mtu alimfukuza. Wale waliokuwa wakimpita siku nne kama hayupo, sasa wote walimwona. Nilisimama na wavu mkononi nisijue nimkinge na nani. Mara ya mwisho nilimwona akianguka majini, akijikokota juu ya jani, akaruka tena akatokomea upande wa chini wanakokunywa ng'ombe.

Anitha aliporudi aliuliza jambo la kwanza, "Mnyonge yuko wapi?"

"Sijamwona."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Alisubiri mpaka jua linaondoka. Kisha akaandika kwenye mstari wake neno moja, *ametoweka*, akafunga daftari polepole kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Alhamisi, wakati wa uji, kikombe changu kilibaki kimejaa. Mama Skola akauliza uji una nini. Nikasema uji hauna kitu, mimi ndiye nina kitu, nikaeleza yote mbele yake. Anitha hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Unajua ulichofanya?" akasema mwishoni. "Umeandika uongo ndani ya daftari langu kwa brashi. Tena kwa yule mmoja."

"Nilimhurumia, dada."

"Nani alikuambia anataka huruma? Wanamwona kwenye nyasi na mabawa yake yamepauka, wanamchukulia kama jike, au kama mtu asiye na vita. Hiyo ndiyo kinga yake, Festo. Umemvua kinga ukamvika bendera."

Mama Skola akamwaga uji wangu kwa kuku. Akasema, "Kijana ameshakosea. Mdudu je, bado anaishi au hapana? Mnakaa hapa mnaongea."

Tukateremka mbio. Umande bado upo, jua halijafika. Tulitafuta jani kwa jani upande wa chini, na ndipo tuliposikia kengele. Masanja, kijana wa Kisukuma anayechunga upande ule, alikuwa anateremsha ng'ombe wa baba yake kwenye maji, wakubwa wa mbele wamekwisha kuingia kwenye nyasi.

"Masanja, wazuie!" nikapiga kelele.

"Kuna nini? Nyoka?"

"Kereng'ende!"

Alisimama akanitazama kama mtu aliyetoroka hospitali. "Ng'ombe wote hawa wana kiu toka jana, wewe unanisimamishia kwa ajili ya mdudu?"

"Nimemwumiza mwenyewe. Nikimpata naondoka. Nakuomba, kaka."

Sijui ni nini alichokiona usoni kwangu. Akapiga mluzi mmoja mrefu, akapita mbele, akanyoosha fimbo, na kundi lote likasimama likipumua, mvuke unatoka puani. "Haraka," akasema. "Huyu dume mwekundu haniheshimu sana."

Nilimkuta kwenye utete, chini kabisa, hatua tatu kutoka kwato za kwanza. Nyekundu mbili kushoto. Ameng'ang'ania, baridi, asali yangu ya uongo inang'aa juu yake bila aibu.

Sasa kuna jambo moja ambalo fundi yeyote wa kucha analijua. Mwanamke aliyetoka kukaanga maandazi ukimpaka bila rangi ya chini, kesho yake rangi inabanduka yote, ganda zima, kwa sababu ya mafuta. Mabawa ya kereng'ende yana kama nta. Vile vidoti vyangu vilidumu kwa sababu ya rangi ya chini. Hii sikuiwekea. Nikamshika kama nilivyofundishwa, nikaingiza ncha ya njiti ya meno kwenye ukingo, nikainua. Ganda likaja. La pili likaja. La tatu likaja. La nne lilichukua na kipande cha bawa, kidogo kama nusu punje, na mimi nikatoa sauti ambayo Masanja mpaka leo ananiigiza nayo.

Anitha alikuwa amechuchumaa pembeni. Jua likafika kwenye utete. Mnyonge akatetemesha mabawa, mara moja, mara mbili, akasimama hewani mbele ya pua zetu akiwa na asali yake mwenyewe iliyopauka, akaelekea juu, kivulini kwake.

"Mruhusu ng'ombe wako," Anitha akamwambia Masanja. "Asante."

"Amepona mgonjwa?" Masanja akauliza, na hakuwa anatania.

Siku hiyo Anitha alikata lile neno *ametoweka* kwa mstari mmoja, akaandika ukurasa mzima. Alinisomea. *Alipakwa na msaidizi wangu. Alipigwa na madume wote. Alibanduliwa.* Nikamuuliza, sasa kazi yako imeharibika? Akasema, "Huyu simhesabu tena, nimempoteza kwenye hesabu. Waliobaki wanatosha, kwa shida. Ila kama usingesema, wote wangekuwa uongo, na nisingejua." Hakutabasamu aliposema hivyo. Sikutegemea atabasamu.

Ijumaa, siku ya mwisho, nilikaa mbali na kikapu changu. Kazi yangu ilikuwa kutazama tu. Saa sita Mwalimu alikuja tena kudai gogo, Chifu akapanda, wakaanza ngoma yao ya asali kwa asali, juu, juu zaidi, mpaka nikalazimika kuinua shingo. Wakati huohuo jike alikuja chini chini juu ya maji. Hakuna aliyemwona.

Yupo aliyemwona. Kutoka kwenye nyasi za kivulini, kimya, bila kupeperusha chochote, kilitoka kitu chembamba chenye nyekundu mbili kushoto na bawa moja lililokatika nchani. Hakucheza, hakuelea majini. Alimfuata jike mpaka kwenye upande wa chini wa gogo usioonekana kutoka juu. Na pale, huku wakubwa wawili wanaonyeshana utajiri wao mawinguni, umbo la moyo likajifunga.

Anitha alinikamata mkono kwa nguvu. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Hakuandika mpaka ilipokwisha. Mimi niliinamisha kichwa kama kanisani. Nilikuwa nimelia kwa ajili ya maskini ambaye hakuwa maskini. Alikuwa na akili yake, na njia yake ilikuwepo muda wote, mimi tu ndiye nilikuwa siioni.

Jumamosi asubuhi wanakijiji walikuja na majembe kugeuza maji. Nilimtazama Mama Skola akipanga mawe na magunia ya udongo, maji yakaanza kuingia mferejini. Mwishoni akaacha mwanya, upana wa kiganja, maji yakaendelea kupita juu ya lile gogo. Nilitaka kumshukuru kwa ajili ya mayai. Akanitazama. "Kwa ajili ya wadudu wenu? Hapa ndipo wanapokunywa nyuki wangu. Hatujawahi kuziba maji yote." Kisha akakaa kwenye jiwe akanyoosha mikono. "Haya fundi. Ahadi ni deni."

Nilifungua kikapu nikampangia chupa zote, nyekundu, zambarau, ile kahawia ya dhahabu. Nilisafisha udongo kwa maji ya moto, nikakata palipokatika. Nikamuuliza, Mama, unataka ipi? Alizitazama kwa muda, akanyoosha kidole kwenye ile ya chini, isiyo na rangi.

"Hii. Nione zangu zinavyong'aa."

Saa kumi nilikuwa nimerudi Majengo, vumbi mpaka kwenye kope. Zabroni alinipokea stendi. "Vipi fundi, wadudu wamependeza?" Nilifungua kiberiti nikamwonyesha kitu ambacho Anitha alinipa tulipoagana. Ni moja ya yale maganda manne niliyoyabandua, kipande cha rangi ya kucha, hakifiki ukubwa wa punje ya mchele. Nikamwambia akiinue kwenye jua.

Rangi ilipokauka juu ya bawa ilichukua umbo lake. Wavu wote umo, kila mshipa, kila chumba na kioo chake, umechapwa kwenye uongo wangu.

Zabroni alikitazama mpaka abiria wake akaanza kulalamika. "Hiki ni nini, Festo?" akauliza, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

Kiberiti hicho kimo kikapuni mwangu, kati ya nyeupe na zambarau, na atakaye kuona nitamwonyesha. Wengine mmegundua kwamba siku hizi, kabla sijafungua chupa, nakushika vidole, nazitazama kucha zako kwanza, halafu nauliza: nikupake, au zikae zilivyo? Mnadhani nimekuwa mvivu. Hapana. Nasubiri kusikia mwenyewe unasemaje.